Nyuma ya pazia kuna nini? Kant, Hegel na Schopenhauer juu ya kitu chenyewe

Walimu wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mnaosoma falsafa huku mkiulizwa nyumbani itawapa kazi gani: karibuni.

Tarehe 22 Machi 1801, kijana wa Kijerumani wa miaka 23 alimwandikia mchumba wake barua. Jina lake Heinrich von Kleist. Alikuwa ameacha jeshi ili asome, na baadaye akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia kwa Kijerumani. Alimweleza mchumba kwamba ameifahamu falsafa mpya ya Kant na imemvunja moyo. Kama watu wote wangezaliwa na vioo vya kijani badala ya macho, akasema, wangeamini kwamba kila wanachokiona ni cha kijani, na wasingejua kamwe kama macho yanawaonyesha vitu vilivyo au yanaviongezea kisicho chao. Akili zetu ndivyo zilivyo. Basi kutafuta ukweli, ambako alikufanya lengo la maisha yake, hakukuwa na maana tena.

Barua inasikitisha, na pia imemwelewa Kant visivyo. Kwa bahati mbaya mfano wake ndio unaofundishwa mpaka leo, siku hizi kwa jina la miwani. Tazameni unavyoharibika. Ukijani ni sifa moja kati ya nyingi. Uondoe, na bado una kitu chenye umbo, chenye ukubwa, kilichokaa mahali fulani. Miwani nayo ipo mahali, mbele ya jicho. Nuru inatoka kwenye kitu, inapita kwenye kioo, inafika machoni: kuna nafasi, kuna muda, kuna sababu na matokeo. Na Kant anasema hayo yote, nafasi, muda na usababishi, yako upande wa mwonekano, yaani vitu jinsi vinavyotutokea sisi. Kwa hiyo mfano wa miwani unakiweka kile kilichofichika ndani ya nafasi ileile, kama kitu cha pili kinachongoja upande wa pili wa kioo, na msomaji anajiona ametapeliwa: bidhaa halisi ipo, yeye kapewa nakala.

Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba “nyuma ya mwonekano” si mahali. Ugomvi wa Wajerumani kuanzia 1781 hadi 1844 ulikuwa juu ya kinachobaki mtu akishalikubali hilo kwa dhati.

Tuanze na swali lenyewe lilivyozaliwa. Immanuel Kant alizaliwa mwaka 1724 mjini Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Mwaka 1770, katika tasnifu aliyoitoa alipopewa uprofesa, alikuwa bado anashikilia kwamba hisi zinatuonyesha vitu vinavyoonekana, lakini ufahamu unatuonyesha vitu vilivyo. Miaka miwili baadaye, Februari 1772, akamwandikia mwanafunzi wake wa zamani Marcus Herz kwamba kuna jambo hakuligusa. Dhana iliyo kichwani mwangu inahusianaje na kitu kilicho nje? Kama kitu ndicho kilichoileta, kwa kunigusa, naelewa. Kama dhana ndiyo inayokiumba kitu, kama tunavyosema juu ya akili ya Mungu, pia naelewa. Lakini dhana kama ya sababu sikuiokota kwenye hisi, wala haiumbi chochote. Basi kwa haki gani ivitawale vitu? Kulijibu swali hilo kulimchukua takriban miaka tisa, na jibu lilitoka mwaka 1781: *Uhakiki wa Akili Safi*.

Hatua ya kwanza ya jibu unaweza kuifanya hapo ulipokaa. Chukua mwili wowote, tuseme jiwe. Ondoa kwenye wazo lako kile ambacho hisi zimeleta: rangi, ugumu, uzito. Ondoa pia kile unachokifikiri juu yake: kwamba ni dhati, yaani kitu kinachojisimamia chenyewe, kwamba ina nguvu, kwamba inagawanyika. Kitabaki kitu: umbo na eneo lililochukuliwa. Sasa jaribu kuliondoa na eneo. Unaweza kufikiri nafasi isiyo na kitu ndani yake, lakini kutokuwapo kwa nafasi kabisa hukupatii picha. Kant anahitimisha kwamba nafasi haikuja na vitu. Ni umbo la namna sisi tunavyopokea. Muda vivyo hivyo, tena muda unagusa hata mawazo ya ndani ambayo hayana mahali.

Hatua ya pili inahusu ufahamu. Anasema zipo dhana 12 za msingi, makundi manne yenye dhana tatu tatu: wingi, sifa, uhusiano na namna. Orodha aliipata kwa kufuata aina za hukumu katika mantiki ya zamani, na hapo wengi wamemlaumu kwamba alilazimisha hesabu itimie. Mimi nawaunga mkono wanaolaumu. Lakini hoja haisimami wala kuanguka kwa namba 12. Inasimama kwenye mifano kama huu.

Unatazama nyumba. Jicho linaweza kuanza paani likashuka hadi msingi, au kuanza msingi likapanda. Kulia kwenda kushoto, au kinyume. Mpangilio ni wako. Kisha unatazama meli inayoshuka na mkondo wa mto. Unaiona juu, halafu unaiona chini. Hapo huwezi kuamua kuiona chini kwanza. Mara zote mbili ulichopokea ni picha moja baada ya nyingine, hakuna zaidi. Kwa nini basi ya kwanza unaiita nyumba iliyosimama, na ya pili unaiita tukio? Kant anajibu: kwa sababu ya pili umeifikiri chini ya kanuni, kwamba lililotangulia linaliamua linalofuata. Sababu na matokeo hukujifunza kwa kuangalia matukio mengi. Bila kanuni hiyo usingekuwa na tukio hata moja la kuangalia, ungekuwa na mfululizo wa picha tu kichwani. Hilo ndilo jibu lake kwa David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti aliyesema kwamba wazo la sababu na matokeo tunalipata kwa mazoea ya kuona mambo yakifuatana.

Hoja ina ufa, na anayeifundisha bila kuutaja hawatendei haki wanafunzi wake. Mwanafalsafa wa Kiingereza P. F. Strawson aliuonyesha mwaka 1966. Ikiwa meli inashuka, ni lazima niione juu kisha chini, sawa. Lakini ulazima huo ni wa mpangilio wa kuona kwangu. Hauthibitishi kwamba kushuka kwenyewe kulilazimishwa na jambo lililotangulia. Watetezi wa Kant wana majibu, na mengine ni mazuri, ila hakuna lililonyamazisha swali.

Sasa jumlisheni hatua hizo mbili. Kila tunachoweza kukijua kimepitia nafasi na muda, kikafikiriwa kwa kategoria, yaani zile dhana 12. Kitu kilicho nje ya masharti hayo hatuwezi kukijua. Hicho ndicho Kant anakiita kitu chenyewe, kitu kama kilivyo bila kupimwa kwa namna yetu ya kupokea. Na hapa pana tahadhari ambayo Kleist hakuipata: Kant anaieleza dhana hii kwa maana ya kukanusha. Ni dhana ya mpaka. Kazi yake ni kuzizuia hisi zisijidai kuwa kipimo cha kila kilichopo. Haitupi habari yoyote ya kitu kingine.

Makosa ya kuuvuka mpaka Kant hakuyaacha hewani. Aliyaonyesha kwa kinzano nne, ambapo akili inathibitisha dai na dai pinzani, yote mawili kwa hoja zinazoonekana safi. Chukueni ya kwanza. Ulimwengu ulikuwa na mwanzo: kwa maana kama haukuwa nao, basi mfululizo usio na mwisho umeshapita hadi dakika hii, na mfululizo usio na mwisho haumalizwi kwa kupita kimoja kimoja. Ulimwengu haukuwa na mwanzo: kwa maana kama ulikuwa nao, kabla yake palikuwa na muda mtupu, na katika muda mtupu hakuna dakika yenye sababu ya kuanzisha ulimwengu kuliko dakika nyingine. Nani kashinda? Hakuna. Wote wawili wamechukulia kwamba “ulimwengu mzima” ni kitu kilichokwisha kuwekwa mezani, chenye ukubwa wake, kikisubiri kupimwa. Hakijawekwa. Tunachopewa ni kazi ya kurudi nyuma kutoka hali moja hadi iliyoitangulia, bila kufika jumla. Kwa hiyo madai yote mawili ni ya uongo. Kinzano ya tatu, ya uhuru na sheria za asili, anaitatua kinyume: yote mawili yanaweza kuwa kweli, moja likisemwa juu ya mtu anavyoonekana na jingine juu ya mtu alivyo. Uhuru ulihitaji mahali pa kupumua, na nadhani ndiyo sababu asingekubali kukitupa kitu chenyewe hata wenzake wangemlilia.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye ugomvi. Mwaka 1782 gazeti la Göttingen lilitoa tahakiki iliyomfananisha na mwanafalsafa wa Ireland George Berkeley, kwamba anaigeuza dunia kuwa mawazo matupu. Kant alikasirika. Katika toleo la pili, 1787, aliongeza sehemu maalumu ya kuukana udhanifu wa aina hiyo, akiandika upya na sura ya upembuzi wa kategoria, ile inayojibu kwa haki gani dhana zivitawale vitu. Mwaka uleule mwanafalsafa Friedrich Heinrich Jacobi akatoa pigo ambalo halijapona. Bila kitu chenyewe, alisema, siwezi kuingia kwenye mfumo wa Kant. Nikiwa nacho, siwezi kukaa humo. Tazameni pigo linapopiga. Kant anasema hisi zetu hupokea, yaani kuna kinachotugusa. Kugusa ni kusababisha. Lakini usababishi ni mmoja katika zile dhana 12, ambazo amekwisha kutuambia hazina matumizi nje ya mwonekano. Kama kinachotugusa ni mwonekano, basi tumeguswa na tulichokitengeneza wenyewe. Kama ni kitu chenyewe, kategoria imevuka mpaka.

Njia ya kutokea ipo, na binafsi naiona bora kuliko zote. Wafasiri wa Kant, Gerold Prauss mwaka 1974 na Henry Allison mwaka 1983, walitetea usomaji usemao kwamba hakuna vitu vya aina mbili. Kitu ni kimoja. Hukumu juu yake ndizo za namna mbili, kikichukuliwa pamoja na masharti ya kukijua na kikichukuliwa bila hayo. Kant mwenyewe katika dibaji ya 1787 anasema ingekuwa upuuzi kuwe na mwonekano bila kitu kinachoonekana. Usomaji huu unazima sehemu kubwa ya moto wa Jacobi. Hauzimi wote, kwa sababu zipo kurasa ambapo Kant anazungumza kama mtu mwenye vitu viwili mikononi.

Kizazi kilichofuata hakikusubiri suluhu. Johann Gottlieb Fichte, akifundisha Jena kuanzia 1794, alikiondoa kitu chenyewe moja kwa moja. Mwanzo wa yote ni nafsi inayojiweka yenyewe kwa tendo, na kile tunachokihisi kama ulimwengu unaotukabili ni kizuizi ambacho nafsi inakikuta katika jitihada yake. Mzee Kant, akiwa na miaka 75, alitangaza hadharani Agosti 1799 kwamba mfumo huo hausimami hata kidogo. Schelling nitampita haraka, na wapenzi wake mnisamehe: aliona kwamba Fichte ameinyima asili uhai, akajaribu kuonyesha kuwa asili na roho ni kitu kimoja kikionekana kwa pande mbili.

Hegel ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu alilichukua neno “nyuma” na kulichunguza. Katika sura ya tatu ya *Fenomenolojia ya Roho*, 1807, anafuata ufahamu unapodhani umepata ndani ya vitu. Radi inapiga. Tunataka kilicho nyuma yake. Tunaipata sheria ya umeme. Kisha tunauliza kwa nini sheria iko hivyo, na tunajibiwa: kwa sababu kuna nguvu inayofanya kazi namna hiyohiyo. Hebu ilinganisheni hiyo nguvu na sheria yake. Yaliyomo ni yaleyale. Tumesema jambo mara mbili na kuita mara ya pili maelezo. Hegel hasemi fizikia haina faida. Anasema ulimwengu wa ndani tuliouweka nyuma ya radi umejazwa na kile kile tulichokitoa kwenye radi. Ndipo anapofika kwenye maneno yake mashuhuri kwamba nyuma ya pazia hakuna cha kuona mpaka sisi wenyewe twende huko, ili pawe na wa kuona na pawe na cha kuonwa. Katika sehemu ya pili ya *Sayansi ya Mantiki*, 1813, anaikaza zaidi: kiini lazima kionekane. Kiini kisichojitokeza si kirefu kuliko mwonekano. Ni tupu kuliko mwonekano.

Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya Kant wa vitu viwili, lakini dhidi ya Kant wa mpaka inapungua makali. Hegel anadai kwamba ukiuchora mpaka umeshauvuka, maana unazijua pande zote mbili. Si lazima. Mtu anaweza kujua kwamba ujuzi wake una masharti bila kujua lolote la ziada.

Najua lipo swali linalozunguka humu, na ni la haki: huyu Hegel ndiye aliyewaambia wanafunzi wake Berlin kwamba Afrika haina historia, na Kant, ambaye hakuwahi kusafiri mbali na Königsberg, alizipanga jamii za binadamu kwa ngazi kutokana na vitabu vya wasafiri. Ni kweli, na yasomwe, yasifichwe kwenye vijaladi vya pembeni. Nasema hivi tu: kwa kipimo cha kitabu chake cha 1781, maandishi ya Kant juu ya rangi za watu hayapati hata alama ya kupita. Ni mtu kugeuza masimulizi ya mwonekano kuwa hukumu ya kiini.

Anabaki Arthur Schopenhauer, aliyejiona mrithi pekee wa Kant na ambaye mwaka 1820 huko Berlin aliweka mihadhara yake saa ileile ya Hegel, akaambulia viti vitupu. Kitabu chake kikuu kilitoka mwishoni mwa 1818, kikiwa na mwaka 1819 kwenye jalada. Alifanya marekebisho mawili kwanza. Katika kategoria 12 alitupa 11, akabakiza usababishi. Na alimkosoa Kant kwa kusema “vitu” kwa wingi: ikiwa kinachotenganisha hiki na kile ni nafasi na muda, basi nje ya hivyo huwezi kuhesabu mbili. Hapo amegonga ndipo.

Kisha akatafuta mlango wa ndani. Inua mkono wako. Kwa jicho ni mwili unaosogea katika nafasi, kama meza ikisukumwa. Lakini mkono huu, tofauti na meza, unaujua na kwa njia nyingine: unautaka. Kutaka na kuinuka, anasema, si sababu na matokeo. Ni tendo moja likijulikana mara mbili. Basi ndani ya mwili wangu kuna utashi. Na kama sitaki kusema kwamba mimi peke yangu ndiye mwenye ndani na dunia yote ni kivuli, inanibidi niseme utashi huohuo uko kwenye mmea unaotafuta nuru na jiwe linaloanguka. Utashi huo hauna mpango wala fahamu. Unasukuma tu.

Wasomaji wengi wanaishia hapo na kutangaza kwamba Schopenhauer amekitaja kitu chenyewe kwa jina. Endeleeni hadi juzuu la pili la kitabu hicho kikuu, 1844, sura ya 18. Humo anakiri kwamba hata tunapojijua kwa ndani, tunajijua kwa kufuatana kwa muda, tendo baada ya tendo, na pia kuna anayejua na kinachojuliwa. Nafasi na usababishi vimeondoka, muda umebaki. Kwa hiyo kitu chenyewe kimevua sehemu kubwa ya mavazi yake, si yote. Baada ya miaka 25 ya kujivunia mlango, ameandika kwamba haufunguki hadi mwisho. Naziheshimu kurasa hizo kuliko fahari yote iliyotangulia.

Kwa wanaotaka kusoma wenyewe: msianze na ukurasa wa kwanza wa *Uhakiki*. Anzeni na *Prolegomena* ya 1783, fupi na iliyoandikwa baada ya watu kulalamika. Kisha dibaji ya 1787, sehemu ya nafasi na muda, halafu ruka hadi kinzano. Kant mwenyewe alimwandikia mwanafalsafa mwenzake Christian Garve mwaka 1798 kwamba kinzano ndizo zilizomwamsha kutoka usingizi wa kuamini bila kuhoji, ingawa *Prolegomena* inampa sifa hiyo Hume. Sura ya upembuzi wa kategoria iacheni mwisho. Wengi wamekwamia humo. Namba za pembeni zenye A ni kurasa za 1781, zenye B ni za 1787. Mkinukuu, tumieni hizo, maana kurasa za tafsiri hazilingani. Kwa Hegel someni sura ya tatu peke yake, taratibu, kabla ya dibaji yake ndefu. Na Schopenhauer, kifungu cha 18 cha juzuu la kwanza na sura ya 18 ya juzuu la pili zisomwe siku moja, kwa mpangilio huo. Maswali sasa.